Mpiga Chapa Aliyefuta Makosa ya Darasa la Tano

Saa mbili asubuhi. Mpiga chapa anaondoa kitambaa kilichofunika kompyuta, anapuliza vumbi kwenye kibodi ambayo herufi zake zimefutika karibu zote, kisha anaisogeza karatasi ya mwalimu karibu na taa. Leo ni zamu ya mtihani wa lugha wa darasa la sita.

"Viatu yangu imechafuka," anasoma kwa sauti ya chini. Vidole vinataka kukimbia, anavizuia. Anaichapa sentensi hivyo hivyo ilivyo, halafu anaitazama na kukunja uso.

"Naiacha," anasema. "Lakini inaniwasha."

Wateja wanamwita Mama Chapa. Ana miaka arobaini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza kwenye kiti hiki, ndani ya duka la fotokopi lenye chumba kimoja, printa mbili na feni inayozunguka ikijisikia. Siku mbovu anachapa kurasa ishirini, siku njema hamsini. Barua za kuomba kazi, kadi za harusi, matangazo ya misiba, vyote hupita mikononi mwake. Watu humletea maandishi yaliyopinda, naye huyanyoosha bila kuambiwa. Hiyo ndiyo sifa iliyomjengea jina.

Ndiyo pia iliyomponza mwezi wa tatu mwaka huu.

Mwalimu wa lugha wa shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara alimletea mtihani wa darasa la tano, umeandikwa kwa mkono, akaondoka mbio kuwahi kipindi. Maagizo ya swali la nne yalikuwa chini kabisa ya ukurasa: wanafunzi wasahihishe makosa katika sentensi kumi. Sentensi zenyewe zilikuwa ukurasa wa pili. Mama Chapa aliyachapa maagizo, akainuka kumhudumia mteja wa fotokopi, aliporudi maagizo yalikuwa yamemtoka kichwani, akafunua ukurasa.

Hapo akakutana na "Kitabu yangu imepotea."

"Nilishangaa. Mwalimu mzima anaandika hivi?" anasimulia. "Nikasema maskini, amechoka, watoto wamemmaliza. Ngoja nimsitiri."

Akamsitiri mara kumi. Kitabu changu kimepotea. Maji yamemwagika. Sentensi zote zikanyooka, akazichapa, akatoa nakala arobaini na moja, akazifunga kwa uzi.

Siku ya mtihani darasa liliduwaa. Wanafunzi waliambiwa watafute makosa, na makosa hayakuwepo. Wengi walidhani wao ndio hawaoni, wakaanza kuharibu yaliyokuwa mazima. Msichana anayeongoza darasa kila muhula aliandika "Kitabu langu limepotea", akafuta, akaandika "kitabu hangu", akafuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Mvulana mmoja wa dawati la nyuma aliandika "sioni kosa" mara kumi. Mwalimu, aliyesahihisha kwa kufuata majibu aliyoyaandaa nyumbani, alimpa sifuri.

Mama wa mvulana huyo ndiye aliyefika shuleni na karatasi mkononi, akaomba aonyeshwe kosa liko wapi. Mwalimu alisoma sentensi ya kwanza, kisha akaisoma tena. Mwalimu mkuu alimtaka aandike maelezo, na akatangaza kwamba kazi za shule zitahamishiwa duka jingine.

Kwa Mama Chapa, habari hiyo ilikuwa kama kuambiwa sakafu imehama. Mitihani ya shule ile ni theluthi ya kazi zake. Lakini anasema kilichomsumbua zaidi ni kutoelewa anashtakiwa kwa lipi.

"Yaani kosa langu ni kuondoa makosa? Nilijiuliza njia nzima."

Alifunga duka mchana huo, akavuka barabara, akaomba radhi ofisini kwa mwalimu mkuu. Alieleza yote bila kujificha, pamoja na ile huruma yake. Mwalimu wa lugha, aliyekuwa ameketi pembeni kwa hasira, alianza kucheka mpaka akatoa leso. Kisha akamwomba jambo moja: aje darasani akae kipindi kimoja, ajue anachapa nini.

Alikwenda Ijumaa, akaketi dawati la nyuma, magoti yakigonga mbao. Somo lilikuwa ngeli. Mwalimu alimuuliza kwa nini aliandika "changu" badala ya "yangu".

"Kwa sababu ndivyo inavyosemwa," alijibu.

Darasa likacheka. Yule msichana anayeongoza akasimama, akamweleza kwa adabu: "Shikamoo mama. Kitabu kiko ngeli ya KI-VI, kwa hiyo kinachukua changu."

Mama Chapa aliacha shule darasa la nne, mama yake alipougua na wadogo zake watatu wakabaki hawana wa kuwapikia. Taipureta alifundishwa na shemeji yake. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba maneno yana makundi.

"Miaka yote nayasema, kumbe yana kwao," anasema. "Nilitoka kichwa kimejaa, na sijui kimejaa nini."

Ijumaa iliyofuata alirudi mwenyewe. Walipewa habari ya maneno mia mbili waifupishe kwa maneno arobaini. Swali la aina hiyo amelichapa mara zisizohesabika, kulijibu kulimshinda. Kila alilokata aliona habari inalia. Alipata mbili kati ya tano.

Mtihani ulirudiwa. Mvulana wa "sioni kosa" hakuurudia, alibadilishiwa sifuri yake ikawa kumi. Kazi za shule zilibaki kwa Mama Chapa, kwa sharti kwamba mwalimu azipitie kabla ya nakala kutolewa.

Sasa amechukua fomu ya kujiunga na darasa la watu wazima linalosoma kila Jumamosi, akilenga kufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi mwakani. Amejaza jina, umri na kazi. Nafasi ya kiwango cha elimu ameiacha wazi, wiki ya pili sasa, na amemuuliza hata mwalimu, ambaye naye alikuna kichwa.

"Niandike nini?" anauliza. "Kusoma niliishia la nne. Lakini kuchapa, nimefika la saba."