Mgonjwa aliyekutwa mbioni

Leo asubuhi nimekutwa nakimbia, na aliyenikuta alikuwa ananiletea maji kwa sababu mimi ni mgonjwa.

Mnajua taifodi ilivyonilaza. Mke wangu yuko Murangi analima, hivyo akina mama wa jumuiya wanapokezana kunichotea maji. Wiki hii daktari aliniruhusu nianze mbio kidogo kidogo. Hilo sikuwaambia.

Nakata kona hapa Nyakato, huyu hapa Mama Nyangeta na ndoo kichwani.

"Baba Wambura, kumbe wagonjwa mnakimbiaga?"

Nikasema ni mazoezi ya daktari.

"Haya. Basi nipokee."

Nikaiweka ndoo begani. Kabla ya kufika nyumbani miguu ilianza kutetemeka, maji yakanimwagikia mgongoni, nikaketi chini, barabarani.

Hakucheka. (Heri angecheka.) Alijitwika ndoo yake, akaifikisha jikoni kwangu, akarudi kuninyanyua.

"Kesho ni zamu ya Mama Bhoke," akasema. "Nimwambie aje, au utakuwa mbioni?"

Nilitazama chini, nikajibu, "Aje."

Jamani, ninyi mngejibuje?