Bunduki za Mpira na Filimbi ya Mgambo

Nakumbuka mchana ule, mwanangu, kana kwamba bado nimekaa kwenye nyasi kavu za Nachingwea na kanga yangu imejaa vumbi. Ni mwaka jana tu, baada ya kuvuna ufuta, lakini kila nikiukumbuka unanirudisha mbali, nikiwa msichana wa Mbekenyera mwenye miguu myepesi na mdomo usiofungwa. Ninyi vijana mkinikuta njiani mnaniuliza jambo moja tu: Bibi Somoe, zile bunduki za kwenye filamu zilikuwa za kweli? Leo nitakujibu, ila ukae vizuri kwenye mkeka, maana jibu langu si fupi.

Nilipokuwa na umri wako tulipitia mgambo, wanaume kwa wanawake. Bunduki za kweli zilikuwa chache, kwa hiyo kila mmoja alichonga yake ya mti. Mimi yangu alinichongea Issa, mume wangu, na tulikuwa ndiyo kwanza tumeoana. Aliichonga kwa mninga, akaisugua kwa majani ya msasa hadi ikateleza, kisha akanipimia kitako chake begani ili kisinichubue. Wenzangu waume zao waliwaletea kanga. Mimi nililetewa bunduki, na nilifurahi kuliko wao.

Mwalimu wetu wa mgambo hakutaka utani na ile miti yetu. Ukimwelekezea mwenzako mtutu, unazunguka uwanja mbio. Ukiiweka chini ukaenda kunywa maji, hivyo hivyo. Na alikuwa na zoezi moja ambalo Issa alilipenda kuliko yote, zoezi la kufa. Tuligawanywa makundi mawili tukaviziana kwenye mikorosho, na mwalimu akikunyooshea kidole akasema umekufa, unaanguka papo hapo, hata kama umeangukia siafu. Huinuki mpaka apige filimbi. Ukiinuka kabla, utazunguka uwanja hadi uijutie siku uliyozaliwa.

Issa alijua kufa, mwanangu. Alianguka kwa madaha, akageuza macho, na nikipita karibu yake ananikonyeza. Filimbi ikilia anaruka, anajipangusa majani, anakuja kuniuliza kama nimemlilia. Nilikuwa namjibu kwamba sina machozi ya kumwaga kwa mwanamume anayekufa kila Jumamosi. Hapo tunacheka mpaka mwalimu anatukaripia wote wawili.

Halafu vita vya Uganda vikaja na vijana wa mgambo wakaitwa. Issa alipandia lori Ruangwa mjini pamoja na rafiki yake Bakari, tuliyepitia naye mgambo. Aliniambia nisilie mbele za watu, nami nikajikaza, nikampungia mkono huku nikitabasamu. Ningejua, ningelia hadi lori lizimike.

Vita vilipokwisha, Bakari alirudi peke yake. Alikuja kwetu kabla hata ya kufika kwao, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema alimwona Issa akianguka ng'ambo ya kijito na hakuweza kumfikia. Mwili haukupatikana. Mama mkwe wangu alitaka isomwe hitma ya mwanawe, nami nikae eda kama mjane yeyote. Nilikataa. Niliwaambia Bakari kaona mtu akianguka tu, na kuanguka si jambo geni kwa Issa.

Walinisihi, walinisema, wengine walidhani akili imeniruka. Mwishowe akaitwa mjomba wangu kutoka Chunyu, na unajua kwetu neno la mjomba ni zito kuliko la baba. Alikuja na baiskeli yake, akanywa maji, akaniita nikae karibu yake. Nilidhani atanifokea. Akaniambia taratibu:

“Sikulazimishi, Somoe. Lakini sikiliza. Ukikataa kumlilia, na sisi hatuwezi kumlilia mbele yako. Umetufunga wote.”

Bado nilikataa. Wangeweza kuisoma hitma bila mimi, ila hawakutaka kuniumiza, na mama mkwe alisema atasubiri moyo wangu ulainike. Alisubiri hadi akafa. Niliendelea kulima korosho zangu, nilimlea binti wa dada yangu kama wangu, na walionijia na posa niliwaambia mimi ni mke wa mtu. Watu wakazoea. Lakini usidhani nilizoea mimi. Gari likisimama barabarani mchana wa jua kali, bado nilichungulia. Nilimtamani Issa katika mambo madogo ya kijinga, namna alivyokoroga uji wake, namna alivyokohoa kabla ya kuingia ndani ili asinishtue.

Basi mwaka jana wakaja watu wa filamu. Walikuwa wanatengeneza filamu ya vita vya siku hizi, vita vya nchi ambayo hawakuitaja jina, na walitaka wazee wa kuigiza wanakijiji wanaoshambuliwa. Tulichukuliwa kwenye basi dogo, mimi na Bakari na wazee wengine wa Ruangwa, tukapelekwa Nachingwea. Bakari alivaa kofia yake mpya ya kiua. Nilimuuliza kama anakwenda kuuawa au kuoa.

Sasa nakujibu kuhusu bunduki. Kijana mmoja kutoka Dar es Salaam ndiye aliyezitunza, kijana wa heshima, alituamkia mmoja mmoja. Alizipanga juu ya turubai. Chache zilikuwa bunduki za kweli kabisa, zinazopigwa kwa risasi baridi, zenye mlio na moshi tu. Hata hizo, kabla ya kila tukio, alizifungua mbele yetu sote, akataka kila mtu atazame ndani kwa macho yake. Nyingine zilikuwa za chuma lakini haziwezi kulia. Na nyingi zilikuwa za mpira, za kukimbia nazo na kuanguka nazo bila kuumia.

“Shika Bibi, usiogope,” akaniambia. “Hii mpira tu.”

Nikaishika. Kwa macho ungeapa ni chuma, ila mkononi ilibonyea kama kandambili. Nikamwambia yangu ilikuwa nzito kuliko hiyo. Alicheka, akadhani natania.

Tukaanza. Sisi tulikuwa tunatwanga na kuchambua mboga, askari wakatokea vichakani wakipiga, moshi ukatanda. Nilijua ni risasi baridi, nilikuwa nimetazama ndani ya kila mtutu, na bado niliinama nikafunika kichwa. Waliopangiwa kufa wakaanguka. Bakari alikuwa mmoja wao. Kisha mwongozaji akasema imetosha, na maiti zote zikainuka, zikajipangusa, zikaanza kuulizia maji.

Bakari hakuinuka.

Kijana wa bunduki alifika wa kwanza, uso umemsawajika, akaanza kukagua silaha moja moja. Mwongozaji akaita gari. Mimi nilijikokota hadi pale, nikainama, nikamwona kifua kinapanda na kushuka, na macho yako wazi yanatazama juu.

“Bakari, inuka, unatisha watoto wa watu.”

“Filimbi haijapigwa, shemeji,” akasema.

Nilitaka kumcheka. Mzee mzima, mwili bado unamwogopa mwalimu wa mgambo aliyekwisha kufa zamani. Lakini alinitazama, machozi yakamtiririka kuelekea masikioni, akasema kwamba siku ile kijitoni alilala akiwa amemkodolea Issa macho, akisubiri ainuke. Alikuwa akijiambia huyu anafanya mchezo wake. Alisubiri mpaka wenzake wakamburuta kwa nguvu. Hajawahi kumwambia mtu, kwa sababu wa kuambiwa nilikuwa mimi, nami nilikuwa sitaki kusikia.

Nikakaa chini pale pale, mwanangu, kati ya zile bunduki za mpira. Nikaelewa mjomba alichokuwa akiniambia. Nililia kwa sauti, kilio ambacho nilipaswa kulia nikiwa na meno yangu yote, na Bakari akalia nami, na watu wa filamu wakasimama mbali bila kujua wafanye nini. Kijana wa bunduki alituletea maji.

Wiki ile tulimsomea Issa hitma. Ndugu zake walikuja kutoka Mandawa, wale waliobaki hai, na nilishangaa jinsi walivyokuwa na mengi ya kusema juu yake, mambo ambayo hata mimi mkewe sikuyajua. Waliyabeba miaka yote hiyo kwa kuniheshimu. Bado namtamani Issa, sitakudanganya. Nikikoroga uji namtamani. Ila sasa nikimtamani naweza kumtaja, na aliye karibu hunijibu kwa habari zake.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu. Filamu za vita tazama, sikukatazi, lakini kumbuka kwamba wale wanaoanguka mle walioneshwa kwanza mtutu mtupu, na kuna mtu alisimama pembeni kuwapa maji. Kwenye vita vyenyewe hakuna huyo mtu. Na mpendwa wako akiondoka duniani, mlilie. Usiogope kwamba machozi yako ndiyo yatakayomuua. Ukijifungia na huzuni yako unawafungia nje wengine waliompenda, na wao hawataishi milele kukungoja, kama ambavyo mama mkwe wangu hakuishi.

Mungu akurudishe nyumbani salama kila utokapo. Akupe mtu wa kukutamani uwapo mbali. Na siku ambayo hutarudi, na isiwe karibu, ampe mtu huyo nguvu ya kulia, na wa kulia naye.