Sahani ya Mwali na Higgs Isiyoonekana

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyombishia baba mkubwa mbele za watu, na kwetu Kisarawe hilo halikuwa jambo dogo. Nilikuwa nasoma fizikia ya chembe chuo kikuu. Yeye alikuwa afisa pale wilayani na alishanitafutia kazi ya masjala. Akaja nyumbani kwa bibi na wazee wenzake, na mgeni mmoja kutoka mjini, kuniambia nisirudi chuo.

Akaniuliza nasoma nini hasa. Nikamweleza kuna chembe inaitwa Higgs, inayofanya chembe nyingine ziwe na uzito. Wakati huo ilikuwa bado haijaonekana. Nadharia ya kawaida inasema ni moja. Ile ya supasimetri, inayoipa kila chembe mwenziwe, inasema ni tano, na mimi nilikuwa napiga hesabu za toleo lililopanuliwa, lenye saba. Wazee walicheka mpaka chai ikawapalia. Baba mkubwa akasema moja hamjaiona, tayari mmeongeza sita.

Nikapandwa na hasira. Sasa, mdogo wangu alikuwa mwali, amewekwa ndani kwa desturi yetu Wazaramo, hatoki wala haonekani na wageni. Bibi ndio kwanza alikuwa anatoka chumbani kwa mwali na sahani tupu.

"Baba mkubwa," nikasema, "mgeni wako hajamwona mwali wetu. Lakini sahani imeingia na wali, imetoka tupu. Atakataa kwamba mle ndani kuna mtu?"

Nikaeleza kwamba Higgs ya toleo letu inaweza kuvunjika ikawa chembe ambazo mitambo haizioni, tukazijua kwa nishati inayopungua kwenye hesabu. Aliyejibu ni bibi, sahani bado iko mkononi.

"Na ukifungua mlango ukakuta hamna mtu?"

Swali hilo lilinikata maini kuliko kicheko chao chote.

"Nitatoka niseme hamna mtu, bibi. Sitaona haya."

Bibi akamgeukia baba mkubwa, akamwambia ile kazi ya masjala ampe mwingine. Nikarudi chuo.

Higgs ikaja kuonekana, moja, na tabia yake mpaka leo inafanana mno na ile ya nadharia ya kawaida. Zile sita bado. Baadhi ya hesabu zangu zimekufa, nikazizika mwenyewe kwa kusema wazi kwamba zimeshindwa, na hapa Maili Moja ninapoishi sasa natembea kifua mbele.

Leo wewe umekuja kuniambia kesho unakwenda kwa msimamizi wako kuacha utafiti wako wa zile Higgs sita, kisa wenzio wanakucheka kwamba unasaka visivyokuwepo. Hee! Wao wamefungua mlango gani? Mitambo imechungulia vyumba kadhaa tu, vingine havijaguswa. Siku hesabu zenyewe zikikwambia uache, acha, tena uwe wa kwanza kulisema. Lakini kuacha kwa sababu ya kuchekwa? Nakukatalia, na kama ni kugombana tugombane.

Mungu akupe subira na ulimi usiodanganya. Kesho nenda kwa msimamizi wako, umwombe hesabu inayofuata.