Viatu vya Shangazi vya Kanisani

Mwezi wa tano uliopita nilirudi Usevya, na kitu cha kwanza nilichokiona uani kwa bibi ni viatu vyeusi vya kike, vya kisigino kifupi, vimeanikwa juani juu ya kipande cha gunia. Sikuhitaji kuuliza ni vya nani. Kila mwaka mvua zikikatika bibi huvitoa kwenye sanduku la bati, huvifuta ukungu, kisha huvirudisha. Safari hii hawezi tena kuinama, kwa hiyo jirani ndiye aliyevitoa. Nilisimama na begi begani nikasahau hata kumpa shikamoo yake.

Kama hukukulia kwenye mpunga, ngoja nikuonjeshe kidogo. Miaka ile ya tisini, tukiwa bado mkoa wa Rukwa, mtoto wa Usevya alikuwa na kazi moja isiyo na mjadala mpunga ukianza kubeba: kufukuza ndege. Asubuhi unakunywa uji wa mahindi wenye karanga, unaondoka na umande hadi magotini. Shambani kulikuwa na madungu, vichanja vya miti vilivyoinuliwa juu ya mpunga, na kila dungu lina kamba zilizofungwa makopo. Kwelea wakija unavuta kamba, unapiga debe, unapiga kelele hadi sauti inakauka. Ukinyamaza, unasikia dungu la jirani nao wameanza. Nilikuwa msichana wa miaka minane na nilijiona mtu mkubwa sana.

Dungu letu tulikaa mimi na shangazi, mdogo wa mwisho wa baba. Alikuwa na miaka kumi na tisa au ishirini, akicheka anacheka na mabega, na kwa kombeo hakuna mwanamume aliyemfikia. Alinichomea viazi vitamu, alinisuka nywele huku akiimba nyimbo za kwaya, na aliniambia siri zake kama vile mimi ni rika lake. Siri kubwa ilikuwa kijana wa baiskeli, mtoto wa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao upande wa pili wa mto. Siri gani hiyo, kijiji kizima kilijua. Baiskeli yenyewe ilikuwa na maua ya plastiki kwenye taa, na kengele yake unaisikia kabla hujamwona mwenyewe.

Siku ile ilikuwa ya kawaida tu, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Tulikula viazi. Jua lilikuwa kali baada ya mvua ya asubuhi. Shangazi akasema, "Waangalie ndege, nakuja sasa hivi," akateremka. Mimi nikalala. Nilipoamka kwelea walikuwa wameshatua, mpunga wote wa upande wa mto umeinama kwa uzito wao, na chini ya dungu kulikuwa na ndala za shangazi, zimepangwa pamoja, zina tope bichi. Niliita. Niliita tena. Watu wa dungu la jirani walidhani nafukuza ndege, wakaniitikia kwa makopo.

Nisikudanganye, sikumwogopea shangazi. Niliogopa fimbo ya baba mkubwa kwa ajili ya mpunga ulioliwa. Njia nzima ya kurudi nyumbani, ndala mkononi, nilikuwa natunga. Bibi aliponiuliza mbona niko peke yangu, nikasema shangazi ameondoka na kijana wa baiskeli, amembeba nyuma, ndiyo maana ndege wamenishinda. Ndala nilikuwa nimeshazipenyeza nyuma ya mlango, mahali pake pa siku zote.

Sasa ujue kwamba kwetu binti akitoroka na kijana, nyumba haimtafuti. Inasubiri. Siku chache zikipita, wazee wa upande wa kijana wanatuma mtu, anasimama uani na kusema, "Msimtafute, yuko kwetu." Baada ya hapo ndipo yanafuata mazungumzo ya ng'ombe na kupatana. Kuanza kuzunguka unaulizia kabla ya hapo ni kujitia aibu. Basi tukasubiri, na nakwambia tulisubiri kwa furaha! Baba mkubwa aligomba siku moja, kwa kutimiza wajibu tu, na ya pili akaanza kutania kwamba Wasukuma hawa kuchumbia hawajui, wanaswaga tu. Bibi alitwanga mpunga mpya, akafunga jogoo mguu, akawa anafagia uwanja asubuhi na jioni. Nilikula wali nikashiba siku kumi, na kila siku iliyopita ilizidi kuwa vigumu kusema ukweli.

Siku ya kumi na moja wakaja. Wazee wawili wenye kofia za pama, na nyuma yao, kwa mbali, kijana anasukuma baiskeli. Wanawake walipiga vigelegele hata wageni hawajakaa. Mzee mmoja akasafisha koo, akasalimia kwa utaratibu wote, kisha akasema, "Wazazi, tumekuja kumposa binti yenu."

Baba mkubwa akacheka. "Mnamposaje, na nyie mnaye huko siku zote hizi? Semeni tu, hatuna kinyongo."

Wazee wakatazamana. "Nani tunaye?"

Vigelegele vilikatika, uwanja mzima ukabaki unasikia jogoo tu akihangaika na kamba yake. Yule kijana kule njiani akauliza, "Kwani hayupo?" Kisha akaiachia baiskeli ikaanguka na kengele yake, akakimbia kuelekea shambani, akimwita kwa jina. Bibi aliingia ndani. Tukasikia kifuniko cha sanduku la bati. Akatoka na viatu vyeusi vya shangazi vya kanisani mkononi, jozi yake pekee ukiacha ndala, na katika watu wote wale akanitazama mimi.

"Mjukuu wangu, aliondoka na nini miguuni?"

Nikasema yote palepale. Hakuna aliyenipiga. Afadhali wangenipiga.

Walitafuta mtoni, vichakani, hadi mpakani mwa hifadhi ya wanyama. Mvua za siku kumi na moja zilikuwa zimefuta kila unyayo. Wengine walisema mamba, wengine simba, wengine walishusha sauti wakasema watu. Baba mkubwa alipanda lori hadi Mpanda kutoa taarifa. Polisi wakaja, wakaandika, wakauliza kwa nini tulichelewa. Kijana wa baiskeli aliwekwa ndani siku kadhaa kwa maneno yangu yale ya kwanza, ingawa nilishayakana, kisha wakamwachia. Mwaka uliofuata familia yake ilihama na ng'ombe wake. Shangazi hakuonekana, wala kanga yake, wala kombeo lake.

Nimeubeba huu mzigo karibu miaka thelathini nikijua ni wangu peke yangu. Basi mwezi ule wa tano, tumekaa na bibi tunatazama viatu vikikauka, nikamwomba msamaha kwa mdomo wangu kwa mara ya kwanza.

"Ndala nilizikuta jioni ile ile," akasema. "Nyuma ya mlango. Tope lilikuwa halijakauka."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Nikajiambia, atakuwa alipita akavaa vya kanisani. Sanduku lilikuwa hapo, hatua mbili. Sikulifungua."

"Kwa nini, bibi?"

"Niliogopa kuvikuta."

Nilimkasirikia, hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu yeyote. Kumbe siku zote zile tulikuwa wawili, kila mmoja na ndala zilezile, tunakula sufuria moja! Kisha nikaitazama mikono yake imekunjamana juu ya kanga, na hasira ikaniishia. Madungu hayapo tena upande ule, vijana wanafukuza ndege kwa spika huku wamekaa kivulini. Na binti akitoroka siku hizi, ujumbe unafika kwenye simu kabla ya jioni. Mimi mwenyewe nimeshamzidi shangazi umri, na binti yangu anamkaribia.

Saa nane hivi mtu akapiga hodi. Bibi, ambaye haoni mbali, alikaa wima kama anayengoja mjumbe, akajifunga kanga vizuri, akanishika mkono. "Mkaribishe. Halafu unyamaze, umsikilize anasema nini."

Alikuwa mzee mfugaji, anahema. Alituuliza kama tumemwona ndama wake aliyepotea tangu asubuhi.

"Nenda naye," bibi akaniambia. "Sasa hivi. Usikae."

Tulimpata saa kumi, amekwama kwenye tope la mpunga karibu na mto, mzima. Niliporudi, bibi alikuwa palepale, viatu vimo mapajani mwake.

"Mmempata?"

"Tumempata, bibi."

Akalia, na mimi nikakaa chini karibu yake, nikalia.