Bibi Mlango na Bwana Ukungu

Karanga zinapokaribia kuungua kwenye mchanga wa moto, kabla hata ganda lake jekundu halijageuka rangi, hutoa harufu kama ya nywele zilizopitiwa na kitana cha moto. Wiki iliyopita niliinusa harufu hiyo nikiwa kibarazani na waandishi wenzangu, tukibishana ni nani kati ya magwiji wa zamani aliyejua kuifungua riwaya. Mmoja wetu alikuwa anaongea kwa hisia kali, mkono umeinuka juu. Sikumsikia tena. Nilianza kutega masikio nisikie sauti ya karatasi inayochanwa.

Tuliishi Tunduma, kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba vinavyotazamana, karibu na pale malori yanapopanga foleni kuvuka mpaka. Mama aliuza karanga. Alipita katikati ya yale magurudumu yaliyonizidi kimo, beseni kichwani, akiita, "Mbalala! Mbalala za moto!" kwa sababu wateja wake wengi walikuwa madereva wa Zambia, na kwao karanga ndizo mbalala. Alizifunga kwenye karatasi iliyosokotwa mfano wa pembe. Plastiki hakuitaka kabisa. Alisema karanga ya moto ukiitia kwenye plastiki inatoka jasho, na mteja aliyekula karanga yenye jasho harudi.

Kwa hiyo nyumbani kwetu karatasi haikuwa kitu cha kusomwa. Ilikuwa kama mkaa, kama chumvi. Ilitumika, ikaisha, ikatafutwa nyingine.

Mwalimu aliyepanga chumba cha mwisho alipohamishiwa Itaka, alimwachia Mama boksi zima. Mlikuwa na mitihani ya zamani, magazeti, na chini kabisa riwaya ambazo mchwa walikuwa wameshakula majalada yake. Mimi na Atupele, binti wa fundi cherehani wa chumba cha pili, tulizifikia kabla ya Mama. Tulikuwa darasa la tano. Tulizisoma tukiwa tumekaa juu ya magunia ya karanga, migongo yetu ukutani, huku juu ya boksi magazeti yakipungua siku hadi siku.

Majina ya waandishi hatukuyajua, maana yalikwenda na majalada. Tukawapa yetu. Wa Atupele tulimwita Bibi Mlango, kwa sababu kila sura yake iliishia mtu anabisha hodi. Wangu alikuwa Bwana Ukungu. Huyu hakuweza kumtoa mtu kitandani bila kwanza kueleza jinsi ukungu ulivyolala bondeni, na sauti ya ndoo kisimani, na rangi ya maziwa kabla hayajachemka. Nilimpenda mpaka nikawa nasoma sentensi moja, nafunga macho, naisoma tena.

"Huyo mtu wako anaandika kama anayetafuta miwani," Atupele alinitania. "Anapapasa, anapapasa. Mwenzangu, itafute uivae twende!"

"Na wako je? Hodi, hodi, hodi. Nyumba gani hiyo, wageni hawaishi? Hata chai haipati nafasi ya kuchemka."

"Ndiyo raha yake! Mimi nikiandika vitabu vyangu, mtu ataunguza ugali."

"Vyangu mtu atavisoma polepole."

"Polepole kwa sababu amesinzia."

Tulicheka, lakini tulimaanisha. Alitaka kuwa yule wake, mimi nilitaka kuwa wangu, na kila mmoja alimwonea huruma mwenzake kwa kuchagua vibaya. Nami nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia: Atupele alipokuwa ananisomea kitabu chake, niliacha kupumua. Nilipomsomea changu, alicheza na vidole vya miguu.

Magazeti yakaisha. Mitihani ikaisha. Riwaya nyingine zikafuata, zile tulizokuwa tumemaliza, na kila jioni nilisikia ile sauti: chwaa, halafu kimya, halafu chwaa. Zikabaki mbili tu, na zote mbili hatujafika mwisho.

Siku moja kulikuwa na foleni ndefu barabarani, na foleni ndefu kwa Mama ilikuwa sikukuu. Alitoka jikoni na mikono yenye majivu, akaangalia ndani ya boksi lililo tupu, kisha akatuangalia sisi tuliokalia vitabu.

"Leteni kimoja."

"Mama, bado hatujamaliza."

"Madereva nao hawatasubiri mmalize. Nimesema kimoja, sijasema vyote. Kipi?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Atupele alinitazama, nami nikatazama chini. Tungeweza kuanza kugombana pale pale, na nadhani Mama aliliona hilo, maana alivuta kigoda akakaa, akaanza kupepeta karanga.

"Haya. Nisimulieni. Kila mtu chake, na mimi nitaamua. Atu, anza wewe mwanangu."

Atupele alisimama. Hakukishika hata kitabu. Alisimulia habari ya msichana aliyepandishwa treni akaolewe mbali na mwanamume asiyemjua, akashuka kwenye kituo kisicho chake, na pale akakuta ukoo mzima unapiga vigelegele. Nao walikuwa wanamsubiri bibi harusi wasiyemjua. Wakambeba. Akafika, akaoga, akapewa uji na mama mkwe mwenye mikono laini, na ilipofika siku ya pili ndipo akagundua kwamba hapa siko.

"Akawaambia?" Mama aliacha kupepeta.

"Hakuwaambia, Mama Sekela. Angesemaje? Pale anapendwa. Kule alikotumwa ni mzee ana wake watatu."

"Ha! Na yule bibi harusi wao wa kweli, yuko wapi?"

"Sasa ndiyo hapo mlango unagongwa."

"Yesu wangu," Mama alisema, na jirani yetu aliyekuwa anaanika nguo akasogea akiwa ameshika shuka lililolowa.

Nilijua nimeshindwa. Ilipofika zamu yangu nilisimama, nikakikumbatia kitabu kifuani.

"Kuna mzee," nilisema. "Amerudi kwenye nyumba ya baba yake. Kuna ukungu."

"Halafu?"

"Halafu anakaa dirishani. Ukungu unaondoka kidogo kidogo, kama… kama mtu anayeamka bila kutaka kuwaamsha wenzake."

"Sawa. Halafu?"

"Unarudi."

Jirani aligeuza uso akacheka ndani ya shuka lake. Mimi nikaanza kulia. Nilijaribu kueleza zile ndoo, yale maziwa, lakini maneno yalikuwa ya Bwana Ukungu, na mdomoni mwangu yaligeuka kuwa vumbi. Nikasema tu, "Mama, kizuri, ila siwezi kukisema."

Mama alifuta mikono kwenye khanga. Alinyoosha mkono wake kwa Atupele.

"Lete chako, Atu."

Hakuna aliyeelewa. Atupele alidhani amekosea kusikia.

"Lakini changu ndicho umekipenda!"

"Ndiyo. Chako nimeshakipata, kipo hapa," aligusa kichwa chake, "na huyu mwenye shuka naye anacho. Nikikichana hakipotei. Cha Sekela nikikichana, kimekwenda. Nitaanza na kurasa za mbele ambazo umeshazisoma. Wewe kimbia mbele yangu."

Akachana. Atupele hakulia. Alikaa chini akaanza kusoma kwa kasi, na siku zilizofuata zilikuwa mbio. Alisoma kabla ya shule, alisoma akimbembeleza mdogo wake mgongoni alale, na kila alipoinua macho karatasi za mbele zilikuwa zimepungua. Nilimwombea foleni ya malori iwe fupi. Kisha bibi yake akafariki huko Igamba, wakaondoka familia nzima kwenda msibani, na waliporudi palibaki uzi uliozishona kurasa tu. Mwisho wa bibi harusi ulishavuka mpaka mikononi mwa madereva, ukiwa na mafuta ya karanga.

Basi aliubuni. Mama alimwuliza, "Ikawaje? Mwisho uliujua?" na Atupele akasema ndiyo, bila kupepesa macho, akamsimulia mwisho ambao ndani yake yule mama mkwe alikuwa anajua tangu kituoni kwamba huyu siye. Alijua, akanyamaza, kwa sababu naye zamani alishuka kituo kisicho chake. Kesho yake nilimsikia Mama akiwasimulia wauza mahindi, amebadilisha treni kuwa lori na kituo kuwa Nanyala, huku huku kwetu.

Mimi kwa miaka mingi niliamini siku ile nilishinda. Niliamini Mama, kwa njia yake, alitambua kwamba kitabu changu kilikuwa bora, na nilijijenga juu ya imani hiyo: nilikwenda chuo, nikakaa na watu wa fasihi, nikajifunza kuandika ukungu wangu mwenyewe. Atupele ana duka la vitenge upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Wateja wake huja kununua pande mbili za kitenge na kukaa hadi jua linapungua, na nikimpigia simu nasikia sauti zao nyuma zikimhimiza aendelee kusimulia. Ameshawahi kuniambia hana muda wa kuandika. Sikumjibu kwamba sijui kama anahitaji.

Riwaya yangu ya kwanza imetoka. Wahakiki wameisifu kwa lugha. Nilipokwenda likizo niliikuta kwa Mama, kwenye kabati la vyombo vya wageni, imefunikwa kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe. Majirani wakaniambia, mama yako anajivunia sana, haruhusu mtu aiguse. Niliitoa nikaigeuza mikononi. Ilikuwa safi, kingo zake zimenyooka, hakuna ukurasa hata mmoja uliokunjwa.

Mama alikuwa mlangoni ananiangalia, anatabasamu.

"Hicho," alisema, "hakichanwi kamwe."

Nikamshukuru, nikairudisha chini ya kitambaa, nikakumbuka kwamba cha Atupele alikichana kwa sababu alikuwa nacho kichwani.