Mbwa wa Jirani, Mbuzi wa Nyanya

Wiki iliyopita, hapa Kindu ninakoishi sasa, jirani mpya alinitumia ujumbe kwenye simu akiniomba nimzuie paka wangu asipande ukuta wake. Ujumbe ulikuwa na adabu kuliko barua ya posa. Niliusoma nikaguna. Mtu anakaa ukuta mmoja na wewe, anakusikia ukikohoa, halafu anagombana nawe kwa simu! Nikaketi barazani nikacheka peke yangu, maana nilimkumbuka jirani yetu wa utotoni kule Kasongo, yule mama aliyetoka upande wa Wamaza. Rafiki yangu, kama hukuwahi kuishi karibu na mtu wa namna ile, hujui ugomvi ni kitu gani.

Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi, na jikoni kulikuwa nje. Baba aliuza chumvi na sabuni sokoni. Asubuhi tuliamshwa na adhana, kisha na vinu vya majirani wakitwanga sombe, yaani majani ya mihogo, na ilipofika siku ya kupika mawese, harufu yake ilishika nguo zetu mpaka mwalimu wa shule akatutania. Upande wa kulia aliishi mzee mmoja mpole. Kati yake na sisi hakukuwa na ua, ila mstari wa majani ya mpaka ambayo mbuzi walishayatafuna yakabaki vishina. Hakuna aliyejali. Mzee yule alipochoka kuishi peke yake akahamia kwa watoto wake, na kiwanja kikauzwa.

Mnunuzi alikuja kwa miguu, kitunga mgongoni, mkanda wa kitunga umepita kwenye paji la uso, panga mkononi. Alikuwa mjane, tena Mkristo. Wanawe walichimba dhahabu Salamabila, nao ndio walimnunulia kiwanja. Mbele yake alitangulia mbwa mwekundu mwenye mkia uliojikunja, wale mbwa wa kuwinda wasiobweka, na shingoni amevaa kengele ya mti ya kumsikia porini. Kako, kako, kako. Jina lake Subutu. Mama yangu alisema jina lile limetungwa kwa ajili yetu, ingawa mbwa alikuja nalo tangu Wamaza.

Kesho yake, kabla hata ya kutusalimu, mjane yule alisimika vijiti kutoka nyuma ya nyumba yake mpaka kwenye mchikichi wetu, akauacha mchikichi upande wake. Baba akaenda.

"Mama, huu muchikichi ni wa kwetu. Mama yangu ndiye aliupanda."

"Jirani, mimi nilinunua parsele, na muchikichi iko ndani. Kama mama yako aliupanda, umwambie asante."

Nyanya, yaani huyo mama mzazi wa Baba, alikuwa ameketi mlangoni akisikia yote. Alicheka mpaka akashika mbavu. Baba hakucheka. Aling'oa vijiti. Mjane akavirudisha. Shefu wa mtaa akaitwa, akaja na kamba, akapima huku na huku, akanywa chai kwetu na kula ndizi kwa mjane, kisha akatangaza kwamba mpaka uko pale tutakapokubaliana. Akaenda zake.

Mambo ya mbwa yalikuwa mabaya zaidi. Sisi ni Waislamu, na chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Subutu hakuyajua hayo. Alipenda beseni la Baba la kutawadhia kuliko maji yote ya mji. Basi utamwona Baba amechuchumaa uani anasugua beseni, anahesabu kwa sauti kubwa ili mjane asikie: moja! mbili! Naye mjane, akiwa anachambua sombe upande wake, alidhani anatukanwa.

"Funga mbwa yako, mama!"

"Hii mbwa ilinilishia watoto. Haifungwe. Weye funga mbuzi yako!"

Hapo alikuwa na haki, lazima niseme. Mbuzi wetu walimaliza sombe yake, naye alikwisha kuapa mbele ya mtaa mzima kwamba mbuzi atakayemkuta tena ndani ya mihogo yake atampika. Baba naye akaapa kwamba mbwa akigusa mbuzi wake hata unyoya, atamuua. Sisi watoto tulijua kwamba siku moja mmoja wao atatimiza, na tulimpenda Subutu kuliko tulivyothubutu kusema.

Mvua za mwaka ule zilipoanza, Nyanya alifariki. Mjane alikuja msibani tangu alfajiri, akashika mchi akatwanga sombe ya waombolezaji mpaka viganja vikamchubuka, akaondoka bila kumsemesha Baba neno.

Nyanya alikuwa ameacha beberu mweupe aliyemlea mwenyewe kwa maganda ya mihogo. Baba alisema huyo ndiye sadaka ya arobaini. Biashara ilikuwa imelala, barabara imekatika kwa mvua, mbuzi wengine alikwisha kuwauza, hakuwa na mnyama mwingine wa kulisha ndugu waliokuwa wanakuja kwa pikipiki kutoka Kabambare. Mtu hamziki mama yake mara mbili. Baba alimwangalia beberu yule kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, akampapasa kichwa.

Ijumaa ya kabla ya arobaini, wanaume wote wa mtaa wakiwa msikitini, beberu alikata kamba. Alikwenda wapi? Kwenye mihogo ya mjane, wapi tena! Subutu akamfukuza, na beberu kwa woga akaruka ndani ya shimo ambalo mjane alikuwa anachimba udongo wa matofali. Tulisikia kishindo. Tulipofika, miguu ya mbele ilikuwa imevunjika, macho yanageuka, pumzi inakwenda kwa tabu.

Mama yangu alishika kichwa. Mnyama akifa mwenyewe ni mzoga, hatumli. Nilipokuwa mkubwa niliambiwa kwamba hata mwanamke anaweza kuchinja, lakini kwetu hakuna aliyewahi kuona, na Mama hakukigusa kisu. Mjane alikuwa ndani ya shimo, panga mkononi. Angeweza kummaliza kwa pigo moja na kumpika kama alivyoapa, na nani angemlaumu? Alimtazama beberu, akamtazama Mama.

"Huyu si ndiye wa sadaka ya ule mama muzee?"

Mama akaitika kwa kichwa.

"Mimi nikimuchinja, hamutamukula. Leteni kitunga. Weye mutoto, chukua kisu ya baba yako, tukimbie!"

Alimfunga beberu miguu, akamtia kitungani, akajitwika mkanda kwenye paji la uso, akatoka mbio. Mimi nyuma yake na kisu nimekizungushia kitenge cha Mama. Subutu mbele, kengele inalia. Tulikatiza soko. Kichwa cheupe cha mbuzi kilichungulia begani mwa mjane, na wauza samaki walisimama kutuangalia. Nilikuwa nalia na nilikuwa naona aibu, vyote pamoja.

Msikitini hotuba ilikuwa katikati, ule wakati ambao mtu hata kumwambia mwenzake "nyamaza" hapaswi. Mjane alisimama njiani, hakuvuka kizingiti cha ua, ila sauti yake ilivuka.

"Jirani! Mbuzi ya mama yako iko nakufa! Kuja mbio!"

Kisha beberu akalia, na Subutu akajikuna, kako, kako, kako. Nilimwona Baba kupitia mlango, ameinamisha uso. Hakuinuka. Alikuwa mtu wa aibu sana, na siku ile aibu ilimbana kweli.

"Jirani! Yule mama alinichekea wakati nilifika hapa. Mwingine alinichekea ni nani? Toka!"

Mwalimu wa msikiti akakatisha hotuba, akamnyooshea Baba mkono kuelekea mlangoni. Baba akatoka miguu mitupu, amekunja uso, tayari kupigana. Akaona kitunga. Akamwona beberu bado anapumua, na mimi nimemnyooshea mpini wa kisu. Basi alimlaza palepale kando ya njia, akamwelekeza kibla, akataja jina la Mungu, akachinja. Damu ilitoka nzuri, ya mnyama aliye hai. Mjane alikuwa amemshika miguu ya nyuma.

Baba alisimama, kanzu imelowa damu. Mjane alijifuta jasho.

"Nenda kaoge, urudi kusali. Mambo ya sombe yangu tutasema kesho."

Na kweli kesho yake waliyasema, kwa kelele, mtaa mzima ukisikia. Lakini wakati wanapigiana kelele, nyama ya sadaka ya Nyanya ilikuwa inakauka juu ya uchanja wa mjane, kwa maana yeye ndiye aliyejua kukausha nyama isioze mpaka siku ya sadaka. Alikuwa ametupa miti yote ya zamani ya uchanja wake na kukata mipya porini. "Nyama yenu haitagusa mahali nyama ya nyani ililala," alimwambia Mama. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Arobaini ikasomwa, wageni wakala wakashiba, na Baba alipeleka sahani ya kwanza kwa mjane kwa mkono wake mwenyewe.

Usidhani baada ya hapo waligeuka malaika. Vijiti vilisimikwa na kung'olewa miaka yote. Beseni lilioshwa. Subutu alikufa kwa uzee, akamwacha mwanawe, naye akapewa jina lilelile na tabia ileile. Ila kila Noeli mjane alikuja asubuhi na jogoo wake kwapani: "Jirani, chinja, tukule wote." Baba alichinja, halafu palepale, kisu bado mkononi, akamwambia amfunge mbwa wake. Mjane akamwambia, haifungwe. Hayo ndiyo yalikuwa maamkizi yao.

Siku hizi ukienda mtaa ule utakuta kuta za matofali ya moto, na chupa zilizovunjwa zimepandwa juu. Nyama inanunuliwa ndani ya mfuko, hujui nani aliichinja wala kwa ajili ya nani. Kengele ya mti sijaisikia miaka mingi. Mjane naye amekwisha kuzikwa. Nashukuru nililelewa kati ya watu wale wawili, wagomvi, wenye vichwa vigumu, ambao kila mmoja alijua vizuri mwenzake anakula nini, haramu yake ni ipi, na mama yake alikuwa nani. Nilidhani kila mtoto duniani amepata jirani kama huyo, kumbe sisi tulibahatika.

Baba alimtangulia mjane kufariki, nikiwa tayari mke wa mtu hapa Kindu. Nilifika Kasongo kwa arobaini yake, mwili wote unaniuma kwa pikipiki. Asubuhi ile mjane alikuja, mgongo umepinda, anamvuta mbuzi kwa kamba. Akampa kaka yangu ile kamba.

"Ningeleta nyama, lakini ya mukono yangu hamutakula. Nimemuleta muzima. Chinja weye."

Kaka hakuwa amezoea. Alichelewa kumlaza, akachelewa kumwelekeza. Mjane akashindwa kuvumilia, akachuchumaa akashika miguu ya nyuma.

"Baba yako alikuwa anachinja muzuri kuliko weye," alisema. Akaketi chini ya mchikichi, akalia kwa sauti, kama anavyolia mtu aliyefiwa na kaka.

Nilikwenda kumchukulia maji nyumbani kwake. Mbwa wake alikuwa nyuma ya nyumba, ananitazama tu. Miaka yote Baba alimwomba mama yule amfunge mbwa wake, akakataa. Siku ile alikuwa amemfunga.