Ramani Iliyokataa Kujaa Ukutani

Aibu hii nawasimulia mwenyewe, kwa sababu Katoro wanaisimulia tayari na kila mmoja anaongeza chumvi yake, afadhali mwisikie kutoka kwa mwenye mguu.

Mimi ni fundi kompyuta, nakaa Kahama. Kikundi kimoja cha wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Katoro kiliniita kwa ajili ya ramani ya mashimo ya zamani ya eneo lao, iliyotengenezwa kwa programu ya kizamani ambayo kompyuta za sasa haziifungui kabisa. Dawa yake ni kuunda kompyuta bandia ndani ya kompyuta yako: unafungua dirisha, na humo ndani ya dirisha kuna kompyuta nyingine nzima, ya enzi zile, inaendelea na mambo yake (msicheke, ndiyo inayonilisha). Walitaka kujua mashimo yaliyojaa maji yako wapi kabla hawajaendeleza duara lao, yaani shimo lao la kuchimbia, maana ukitoboa shimo la maji ukiwa huko chini, hutoki kusimulia.

Asubuhi ya safari, nikiwa stendi na kompyuta mapajani, nikaona nisasishe ile programu ya kompyuta bandia. Ilipomaliza ikaniambia kuna kiprogramu kingine cha ndani, kile kinachofanya picha ijitanue yenyewe kulingana na dirisha, nacho kinatakiwa kusasishwa, kisha mashine izimwe na kuwashwa upya. Konda anaita, abiria wanapanda. Nikabonyeza "baadaye".

Nilipofika, ukumbi wao ulikuwa umejaa. Mwenyekiti wao, Mama Kulwa, mwanamke mwenye duara lake mwenyewe, ndiye aliyenipigia debe kwa wenzake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Haya, tuonyeshe."

Nikawasha projekta. Ramani ikatokea katikati ya ukuta, ndogo kama leso, pembeni giza tupu. Nikavuta kona ya dirisha: dirisha likatanuka, ramani ikabaki ilivyo. Nikachagua ukubwa mwingine kwa mkono, ikazidi, upande wote wa kulia ukakatika. Akainuka mchimbaji mmoja, Shija, jamaa wa sauti nzito.

"Kumbe kulia hakuna maji! Tuchimbe kulia."

"Hapana, kaka! Kulia hakuonekani tu."

"Kama hakuonekani, wewe umekuonaje?"

Ukumbi ukacheka. Hapo ningesema tu, "Jamani, nipeni muda niizime niiwashe," yakaisha. Lakini fundi mzima, uzime mashine mbele ya watu waliokuita kwa sifa! Nikairudisha ramani kwenye udogo wake, nikakumbuka kwamba projekta ukiisogeza nyuma picha inakua, basi nikaibeba mikononi, nikaanza kurudi kinyumenyume, picha inakua, narudi, watu wanasogeza viti kunipisha, narudi, Mama Kulwa anasema, "Ng'wanawane, mwanangu, unakwenda wapi?" na mimi namjibu, "Bado kidogo tu, mama," macho yangu yote yako ukutani, mpaka nikavuka kizingiti cha mlango, na nje ya mlango ule wapishi walikuwa wametua sufuria la maharage ya mchana.

Mguu wa kulia ukazama hadi kwenye ugoko. (Yalikuwa yameanza kupoa, namshukuru Mungu.) Sufuria likapinduka, waya ukachomoka, nikakaa chini kwenye mchuzi huku nimeinua projekta juu kama mtoto anayebatizwa.

Mama Kulwa akaja mlangoni, akanitazama.

"Sisi tuliuliza habari za maji. Wewe umetuletea mchuzi."

Nikaosha mguu bombani, nikarudi ndani na suruali inayonuka vitunguu, nikasema kile nilichopaswa kusema mwanzo. Nikasasisha kile kiprogramu, nikazima, nikawasha. Ramani ikajaa ukuta mzima bila kuguswa. Kulia, palepale Shija alipotaka, palikuwa na mashimo matatu ya maji yaliyoshikana. Hakuna aliyecheka. Shija alivua kofia, akakaa, na wakakubaliana kugeuzia duara upande mwingine.

Kisha chakula kikaletwa. Wali mkavu, watu wote wale, wanautafuna huku wananitazama. Nimeapa: siku nyingine mashine ikisema izimwe, nitaizima, hata basi liniache, hata rais awe amekaa mbele. Aibu ya kusubirisha watu huisha. Ya kuwanyima wachimbaji maharage, nimeambiwa, hurithiwa na watoto.